Mstaafu wa Bustani ya Pomboo

Ilikuwako nchi, na kwa kuwa wenyewe bado wapo na wanajua kusoma, jina lake tuliache lilipo. Ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa na ufukwe mweupe uitwao Ras Mchambwe, na hapo ufukweni ndipo ilipokuwa Bustani ya Taifa ya Wanyama wa Baharini. Nasema ilipokuwa kwa woga kidogo, maana serikali ile haijatangaza mpaka leo kwamba haipo. Ukienda utakuta majukwaa ya saruji yaliyoota magugu, mlinzi aliyelala, na bango lililoandikwa: MAONYESHO YATAANZA MGENI RASMI AKIWASILI. Ukimwamsha mlinzi umuulize mgeni rasmi atafika saa ngapi, atakujibu kwa heshima kwamba yuko njiani.

Wengi wanasimulia habari za bustani ile, lakini waliosimuliwa si kama aliyezipitia mwenyewe, naye ni Bi Kazija Makame, mshereheshaji wake tangu uzinduzi mpaka mwisho.

Bi Kazija hakuwa mtu wa kupigania haki, na hilo ningeomba lieleweke mapema. Alikuwa mtu wa kupenda kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nene, tamu, yenye kuburura mwisho wa maneno, na kabla ya kuingia serikalini alikuwa akiitwa kwenye harusi za wenye uwezo, awataje mashangazi wote bila kumruka hata mmoja. Akimruka mtu, ujue amekusudia. Alijua kabisa kwamba ana kipaji, na ukimsifu hakukataa kwa adabu kama wengine, alikungoja umalize.

Bustani yenyewe ilizaliwa kwa wivu. Muasisi wa nchi ile, Baba Mlezi wa Taifa, alikwenda ziara nchi ya mbali, na wenyeji wake wakampeleka kuangalia pomboo. Pomboo akaruka juu, akapiga mpira kwa pua, akarudi majini, na watu wazima wenye tai wakasimama kumpigia makofi. Baba Mlezi hakufurahi hata kidogo. Aliwageukia mawaziri wake akauliza, "Sisi tumekosa nini?"

Mawaziri wakaangaliana. Jibu la kweli lilikuwa refu, tena lingempeleka mtu pabaya, kwa hiyo wakasema, "Pomboo, Mzee."

Basi likachimbwa bwawa kubwa ukingoni mwa bahari, likatengwa na maji makuu kwa ukuta wenye lango la nondo, ili bahari iingie na kutoka lakini wanyama wasitoke. Wakaletwa pomboo wawili, jike na dume, na sili watatu kutoka nchi za baridi. Walipokwisha kufika ndipo Hazina ilipogundua kwamba katika bajeti hamna fungu la chakula cha wanyama. Fungu la watumishi lilikuwapo, tena limenona. Wanyama wakaajiriwa.

Pomboo dume akaitwa Ndugu Sudi, Afisa Burudani Daraja la Pili. Jike akaitwa Ndugu Zamzam, daraja hilohilo, maana serikali ile ilijali usawa. Walipimwa macho na kifua, wakaapishwa mbele ya hakimu aliyevua viatu akapanda ngazi ya bwawa na kitabu mkononi. Na kwa kuwa sheria inakataza kuajiri watoto, na hakuna aliyejua pomboo huzaliwa lini, wote waliandikwa kuwa watu wa makamo. Mishahara yao ikawa inanunua samaki. Hawakuwahi kugoma, na Waziri wa Kazi alikuwa akiwataja kila Mei Mosi kama mfano wa kuigwa.

Siku ya uzinduzi, mshereheshaji aliyepangwa alisema "Karibuni nyote" kabla ya kumtaja mgeni rasmi. Vijana wawili wenye miwani myeusi wakamwomba waende wakaongee pembeni, na kipaza sauti kikabaki kinaning'inia. Bi Kazija alikuwa amekuja tu kutazama, na kanga yake mpya. Alikishika kabla hakijapoa. Akamtaja Baba Mlezi kwa majina yake yote ya heshima, akaongeza "Mwenge wa Bara na Nanga ya Pwani" ambalo alilitunga palepale, na kufikia jioni yake lilikuwa limekwishaingizwa kwenye taarifa ya habari. Tangu hapo kazi ikawa yake.

Baba Mlezi alifurahi sana, na alipofurahi alikuwa akisema mambo. "Nani kasema pomboo ni mtu wa pwani?" aliuliza. "Huo ni ubaguzi, na mimi siutaki. Hawa ni watoto wa Kiangazini, kama mimi nilivyo mtoto wa Kiangazini."

Uwanja ulitikisika kwa makofi. Kiangazini ni kijiji cha bara, nyuma ya milima, ambako mtu akitaka kuona maji hungoja mpaka alie. Kila mtu pale alilijua hilo. Lakini neno la Baba Mlezi halikuwa likirekebishwa, likitoka limetoka. Wakalichonga kwenye ukuta wa bwawa kwa herufi za dhahabu, na Idara ya Utumishi, isiyopenda kupitwa na jambo, ikawaandika watumishi wale wote kwamba kwao ni Kiangazini.

*

Ile ndiyo miaka bustani ilipokuwa na jina. Watu walikuja toka alfajiri kukaa juani, kwa sababu mgeni rasmi katika nchi ile alitakiwa achelewe kulingana na cheo chake. Diwani alichelewa kidogo. Waziri alichelewa mpaka watoto wakalala. Baba Mlezi mwenyewe mara nyingine hakuja kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote. Pomboo wasingeruka mpaka afike, hata wakitaka. Kila Sudi alipojisahau akaruka kabla ya wakati, Bi Kazija alitangaza kwamba hayo ni mazoezi na watu wasiangalie.

Sili ndio waliovuma zaidi. Kwa samaki mmoja tu, sili alikuwa akipiga makofi mpaka aambiwe inatosha. Sifa zilifika Makao Makuu, na sili wa kwanza akapelekwa bungeni kusaidia. Wa pili alihamishiwa Wizara ya Mipango, na inasemekana alifanya vizuri. Wa tatu alipata nafasi ya masomo nje, na kama wengi waliopata nafasi hizo, hakurudi.

Katika miaka hiyo Bi Kazija aligundua siri moja ya kazi yake. Ratiba ya sherehe haikuwa karatasi. Karatasi ilikuwapo asubuhi, lakini mgeni rasmi akishachelewa ilifutwa, ikaandikwa upya, ikapotea, na mwisho hakuna aliyejua kinachofuata ila aliyeshika kipaza sauti. Siku moja kikohozi kilimbana, na alipokusudia kusema kwamba Waziri wa Fedha atahutubia na baadaye kwaya itaimba, maneno yakamezana, likatoka kwamba Waziri wa Fedha ataimba. Waziri alitazama kushoto akatazama kulia. Angeuliza "Nani kapanga hili?" angeonekana ni mtu asiyeambiwa mambo, na katika nchi ile mtu asiyeambiwa mambo ni mtu anayeondolewa. Akainuka, akafunga koti, akaimba wimbo wa shule ya msingi wa kupanda mahindi, beti zote. Wenzake wakamwonea gere, wakadhani ametumwa na wa juu.

Bi Kazija alicheka peke yake wiki nzima. Hakumwambia mtu, hata mumewe, maana mumewe alikuwa na marafiki.

Kisha Baba Mlezi akafariki. Waliomfuata hakuna aliyethubutu kujiita Mlezi. Kila mmoja alikuwa Kaimu Mlezi, na nchi ikaendeshwa na makaimu kwa muda mrefu kama ilivyoendeshwa na mwenyewe. Wa sasa hakupenda pomboo, alipenda mbio za baiskeli. Wageni wakapungua, rangi ikabambuka, samaki wakawa wadogo. Ndugu Zamzam akafariki akiwa kazini. Alifunikwa bendera, Bi Kazija akasoma wasifu wake kwa sauti iliyowatoa machozi mpaka walinzi, na baada ya mazishi Sudi akawa anazunguka bwawa kwa upande mmoja tu, polepole, siku nenda siku rudi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumsumbua Bi Kazija. Jioni, watu wakishatoka, alikuwa akienda kukaa kwenye ngazi za bwawa kula karanga zake. Mara kwa mara kundi la pomboo lilipita nje ya ukuta, na Sudi aliwasikia. Alikuwa akija kwenye lango la nondo, akaweka pua katikati ya vyuma, akatulia hapo mpaka wapotee. Bi Kazija alimwonea huruma, na huruma ile ilimkera, kwa sababu haikuwa sehemu ya kazi yake.

*

Asubuhi moja aliitwa na Mkurugenzi wa Bustani, Dokta Machano Ngwali. Udokta wake alitunukiwa kwa kuhudhuria mkutano wa samaki, naye aliuvaa hata nyumbani. Siku hiyo uso wake uling'aa.

"Bi Kazija, Ndugu Sudi anastaafu."

"Anastaafu vipi, Dokta? Pomboo?"

"Umri wake wa lazima umefika. Aliajiriwa akiwa mtu wa makamo, unakumbuka. Serikali itamuaga kwa heshima zote, Waziri atakuja, na kama kanuni zinavyosema, mstaafu atasafirishwa na mizigo yake mpaka kwao."

Moyo wa Bi Kazija uliruka kwa furaha. Kwao Sudi kulikuwa pale pale, upande wa pili wa ukuta. "Nitafungua lango mwenyewe," alisema.

"Lango la nini?" Dokta Machano alimshangaa. "Kwao ni Kiangazini. Tumeshapata boza, gari la maji, la kumbeba."

Bi Kazija akakaa bila kukaribishwa. "Dokta, Kiangazini hakuna bahari."

"Unataka kusema Baba Mlezi alikosea?"

"Sijasema."

"Nimesikia kama umetaka kusema."

"Nilitaka, lakini sijasema."

"Basi vizuri." Dokta alishusha sauti. "Baba Mlezi hakukosea. Ikiwa Kiangazini hakuna bahari, huo ni uzembe wa Kiangazini. Wameshaagizwa wachimbe shimo."

"Na shimo litajazwa na nini?"

"Hilo liko chini ya wizara nyingine."

Bi Kazija alitoka pale. Alijua vizuri kitakachotokea. Sudi angefika Kiangazini mbele ya ngoma na hotuba, angemwagwa kwenye shimo la vumbi, na watu wangempigia makofi huku akifa. Na yeye, Bi Kazija, ndiye angekuwa ameshika kipaza sauti.

Akafunga safari mpaka Idara ya Utumishi. Bwana mmoja nyuma ya dirisha dogo alimsikiliza huku anamenya chungwa.

"Mtumishi anaweza kuomba abadilishiwe kwao," alisema, "lakini aje mwenyewe."

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Ni pomboo, baba."

"Hilo si kosa mbele yetu, mama. Sisi hatubagui. Aje tu."

Bi Kazija alirudi nyumbani akamnunia mume, akamnunia jirani, akaunguza wali. Kama ungemuuliza wakati ule atafanya nini, angekwambia hafanyi kitu. Ukimpoteza mtumishi wa serikali katika nchi ile unafungwa, na ukilipinga neno la Baba Mlezi husikiki tena. Yeye alikuwa na nyumba, na wajukuu, na sauti anayoipenda.

*

Siku ya kuaga, majukwaa yalipakwa chokaa upande unaoonekana. Boza lilisimama kando ya bwawa, limepakwa rangi mpya na kuvishwa maua. Bi Kazija alipouliza limejazwa maji gani, Dokta Machano alisema ya bomba, tena safi ya kunywa, kwa sababu chumvi ingeharibu rangi, na isitoshe afisa wa daraja lile hawezi kusafiri katika maji ya kila mtu. Zawadi zilipangwa mezani: bando la mabati na mifuko ya saruji ili mstaafu akajenge kwao, saa ya ukutani, na baiskeli ambayo Kaimu Mlezi mwenyewe aliipenda.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Burudani na Maji Chumvi. Alichelewa kwa kiwango kinachomstahili. Alipofika akahutubia juu ya umuhimu wa kustaafu kwa hiari, yeye akiwa wizarani tangu meno yake yakiwa ya kwake. Sudi alikuwa langoni, pua kwenye nondo. Nje bahari ilikuwa imejaa, na kundi lilikuwa likipita.

Winchi ikashusha wavu. Bi Kazija alitazama ule wavu, kisha akatazama ile pua. Hasira ilimpanda, hasira ya kawaida kabisa ya mtu anayeona wenzake wanafanya ujinga na wanamtaka aupambe. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa Mkurugenzi, itifaki imezingatiwa," alianza, na sauti ilitoka nene na tamu kama siku zote. "Kwa mujibu wa ratiba, mstaafu wetu kabla ya kupanda gari atawaaga kwanza jamaa zake wa upande wa bahari. Kwa heshima na taadhima, namkaribisha mgeni rasmi afungue lango."

Waziri alimtazama Dokta Machano. Dokta Machano alimtazama ofisa wa usalama. Ofisa wa usalama alivitazama viatu vyake. Kila mmoja alisadiki kwamba mwenzake ndiye aliyeambiwa na yeye ndiye aliyerukwa, na hofu ya kurukwa iliwafunga vinywa wote kwa pamoja. Kisha Dokta akaanza kupiga makofi, na uwanja ukaitikia.

"Utepe uko wapi?" Waziri aliuliza kwa ukali, ili aonekane mwenye kujua. Waziri hawezi kufungua kitu kisicho na utepe.

Bi Kazija alivua mtandio wake wa kijani mabegani, akaufunga kwenye nondo. Mkasi ulikuwamo garini mwa Waziri, haukuwahi kutoka. Mtandio ukakatwa katikati, bendi ikapiga, na watu wanne wenye shahada wakamsaidia Waziri kuzungusha usukani wa lango uliokuwa umeota kutu. Lango likalia. Likafunguka.

Sudi alirudi nyuma kidogo. Akazunguka bwawa mara moja, upande ule ule aliouzoea, na Bi Kazija akaogopa kwamba atakataa kwenda. Alipofika langoni tena hakusita. Alipita kama kisu, na punde mgongo wake ukaonekana mbali, katikati ya migongo mingine.

Bi Kazija alingoja ageuke walau mara moja. Miaka yote ile, karanga zote zile. Hakugeuka. Ilimuuma, naam, ilimuuma vibaya, na wakati huohuo alifurahi mpaka akashindwa kusimama wima.

Dokta Machano alimsogelea sikioni. "Anarudi saa ngapi?"

Maji yakishamwagika hayazoleki. Bi Kazija akainua kipaza sauti. "Ratiba inaendelea. Sasa mstaafu atapanda gari lake. Tusimame kwa heshima."

Watu wakasimama. Mwendesha winchi, ambaye alikuwa ameona kila kitu na ana watoto watano, akauinua ule wavu mtupu taratibu kabisa, akauzungusha hewani kwa uangalifu, akaushusha kwenye boza. Akina mama walipunga mikono. Waziri alipiga saluti.

"Mbona mwepesi?" Dokta Machano alinong'ona.

"Amekonda, Dokta," alijibu mwendesha winchi. "Kustaafu kunaumiza mawazo."

Funika kombe mwanaharamu apite. Wakapakia mabati.

*

Mshereheshaji alitakiwa kumfikisha mstaafu mikononi mwa ndugu zake, kwa hiyo Bi Kazija alipanda boza akakaa karibu na dereva, mbele yao pikipiki za ving'ora. Njia nzima watoto wa shule walipangwa kupunga bendera. Yeye aliwapungia. Mbele yake kulikuwa na kijiji kizima kinachomngoja pomboo, na hakuna pomboo. Waziri angeweza kufumba macho kwa kuwa alikuwa na cheo cha kulinda. Watu wa Kiangazini walikuwa na cheo gani?

Walipoanza kupanda milima dereva alimgeukia. "Bi Kazija," alisema, "mgeni wetu mbona hachezi huko nyuma?"

"Amelala."

"Mimi nimeendesha boza tangu ujana. Najua maji yakiwa peke yake."

Bi Kazija akampungia mtoto mwingine wa bendera.

"Lakini mimi sijasema kitu," dereva alimaliza, akabadilisha gia.

Kiangazini walifika jua likiwa kali. Ardhi ilikuwa nyekundu, imepasuka, na mbuzi walisimama kwenye kivuli cha ukuta mmoja wakigombea nafasi. Kijiji kizima kilivaa nguo za sikukuu. Kama walivyoagizwa, walikuwa wamechimba shimo kubwa katikati ya uwanja, wakalisakafia kwa saruji waliyochangishana. Mkuu wa Wilaya alitoa hotuba juu ya mwana mpotevu anayerudi nyumbani, kisha akaagiza mstaafu ashushwe.

Bomba likafunguliwa. Maji yakaingia shimoni kwa mshindo, yakapanda, yakametameta, yakatulia. Bi Kazija alifumba macho. Alipofumbua, Mkuu wa Wilaya alikuwa ameinama ukingoni, anachungulia. Alichungulia upande huu, akachungulia upande ule. Waziri alikuwa amempigia simu kwamba mstaafu ametumwa, tena kwa saluti. Yeye ni nani aseme hajamwona?

"Mstaafu," alitangaza Mkuu wa Wilaya, akijifuta jasho, "amewasili akiwa na afya njema."

Bi Kazija alivuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu pwani. Alikuwa amepona. Lakini watu hawakupiga makofi. Walikuwa wanayatazama yale maji, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyesogea.

Bikizee mmoja, Bibi Nyamizi, dada wa ukoo wa Baba Mlezi na ndiye mkubwa wa familia, alikokota miguu mpaka kwa Bi Kazija. "Mwanangu, nieleze mimi nisiyejua. Humo ndani mna nini?"

Bi Kazija alikuwa amesema uongo mwingi wa kupendeza maisha yake yote. Huu mmoja ulimshinda. "Mna maji, bibi."

"Na mtoto wetu?"

"Alishuka njiani. Alikutana na jamaa zake."

Bibi Nyamizi alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya kawaida. Akapiga magoti ukingoni, hata Mkuu wa Wilaya hajamaliza kukunja karatasi zake, akateka kwa kiganja, akanywa. Akateka tena. "Matamu," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hapo ndipo itifaki ilipovunjika. Walikimbia nyumbani wakarudi na ndoo, sufuria, mabeseni, birika, na bwana mmoja akaja na ngoma aliyoitoboa ngozi upande mmoja. Mbuzi walikuja wenyewe. Mkuu wa Wilaya alijaribu kueleza kwamba wanamteka mstaafu, lakini alilisema kwa sauti ndogo.

Walipokuwa wamekwishajaza, Bi Kazija alikumbuka kazi yake. Akamkaribisha Bibi Nyamizi atoe neno la shukrani kwa niaba ya familia, akamshikia kipaza sauti mdomoni.

"Mimi sijui kuhutubia," alisema Bibi Nyamizi. "Tunashukuru. Miaka yote tulikuwa tunaomba maji, tunaambiwa njia haipitiki, gari hakuna, mlima ni mrefu. Tukasema labda ni kweli, tusiwasumbue wakubwa. Kumbe njia ipo na gari lipo, ila mpaka mtu astaafu. Hilo hatukuambiwa." Akautafuta uso wa Mkuu wa Wilaya kwenye umati. "Sasa mwanangu, kawaambie huko Makao Makuu. Tumesikia wapo watu wamekaa kazini muda mrefu kuliko huyu mtoto wetu. Wamezeeka, wamechoka, wanasinzia vikaoni, na hakuna anayewakumbuka kuwarudisha kwao. Wastaafisheni. Wapandisheni kwenye gari kama hili, mmoja mmoja. Waleteni hapa hapa, hatutauliza wako wapi."

Bi Kazija aliutazama uwanja mzima, akakirudisha kipaza sauti kwake.

"Makofi tafadhali," alisema.

Hakuna aliyepiga. Kila mtu alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili. Mkuu wa Wilaya peke yake ndiye aliyekuwa na mikono mitupu, naye aliificha mfukoni.